Rikruta alinipigia mara nne, akasema "wamekupenda", sasa ameuchuna. Nimekosea wapi?

#1 Kijana wa Mtongani

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 31. Nimefanya kazi ya stoo na manunuzi miaka sita kwenye kampuni moja hapa Dar. Mwezi uliopita dada mmoja alinitafuta LinkedIn, akajitambulisha kwamba yuko kampuni ya kutafuta wafanyakazi, akasema kuna kiwanda kinahitaji msimamizi wa stoo na mimi nafaa.

Simu ya kwanza tuliongea kama dakika ishirini, uzoefu na elimu. Ya pili akauliza mshahara ninaotaka na lini naweza kuanza. Ya tatu akasema, nanukuu, "wamekupenda, jiandae na usaili wiki ijayo". Ya nne akaomba wadhamini wawili, nikampa majina na namba.

Leo ni siku ya 19. Simu inaita hapokei. WhatsApp tiki za bluu, jibu hakuna. Mkataba wangu wa sasa unaisha Desemba na nina mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Naombeni mniambie ukweli, nimekosea wapi? Na nyie mliowahi kudili na hawa watu, kosa gani mlifanya mkajutia? Sitaki kulirudia kwa mwingine.

#2 Msukuma Halisi

Pole sana mkuu. Naweka mkeka hapa, yangu nitayaleta baadaye.

#3 Bint Tanga

Hujakosea kitu. Mtu wao alikuwepo toka mwanzo. Wewe ulichukuliwa kujaza orodha ili mkubwa akiuliza aone majina matatu mezani. Kazi hapa kwetu ni koneksheni, mengine tunafarijiana tu.

#4 Baba Ketty

@Bint Tanga hapo nakukatalia. Mwenye kiwanda akitaka kumpa kazi shemeji yake anampa kesho asubuhi, hana sababu ya kumlipa wakala. Ukiona wakala yupo kati, ujue nafasi ipo na kuna pesa inatoka.

Mleta mada, kwenye simu ya pili ulitaja mshahara gani?

#5 Kijana wa Mtongani

Milioni moja na nusu.

#6 Baba Ketty

Mkononi au kabla ya makato?

#7 Kijana wa Mtongani

Nilisema mkononi. Nina deni la bodi ya mikopo, sikutaka nije kushtukia makato nikiwa ndani tayari. Nilikuwa kwenye daladala, konda anaita "Mbagala, Mbagala", nikajibu kwa kifupi.

#8 Kobe Mwendo

Hapo ndipo ulipojichoma. Ngoja nikupigie hesabu. Ili upate 1,500,000 mkononi, ukatwe NSSF asilimia 10, bodi ya mikopo asilimia 8, halafu PAYE (kodi ya mshahara), kiwanda kinatakiwa kukuandikia mshahara ghafi wa kama 2,414,000. Kwenye masikio yako ni milioni na nusu. Kwenye karatasi ya HR ni milioni mbili na laki nne.

#9 Baba Ketty

Hesabu nzuri ila umetumia asilimia ya zamani. Bodi ya mikopo ilikuwa asilimia 8 kabla sheria haijarekebishwa mwaka 2016. Sasa ni 15 ya mshahara wa msingi kwa mwajiriwa. Rudia.

PAYE ya bara ukishavuka milioni moja ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi, na inakokotolewa baada ya kutoa NSSF. Ukiweka 15 ya bodi, ghafi inakuwa takriban 2,767,000. Yaani mwanadamu huyu ametaja 1.5 na kiwanda kimesikia karibu 2.8. Na hapo mwajiri hajaweka mchango wake wa NSSF, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF).

Tugeuze sasa. Kama angesema "1.5 ghafi", mkononi angepokea 892,000. Angelia mwezi wa kwanza. Huyu huyu mtu, namba hii hii, neno moja tu limebadilika.

#10 Kobe Mwendo

Nimepokea sahihisho mkuu, asante. 2.77 ni mshahara wa meneja kwenye viwanda vingi ninavyovijua.

#11 Nuru ya Kigamboni

Jamani 892,000 kutoka milioni na nusu?? Mimi nimesaini wiki iliyopita na nina deni la bodi 😭

#12 Baba Ketty

@Nuru ya Kigamboni angalia mkataba umegawanywaje. Bodi inakata kwenye mshahara wa msingi. Kama kuna posho ya nyumba na usafiri zimeandikwa pembeni, hiyo 15 itapungua kidogo. PAYE ndiyo haijali sana majina.

#13 Mchujaji

Nimekuwa msomaji wa kimya, leo naandika kwa sababu hiki ndicho ninachokula. Nimefanya kazi ya kutafutia kampuni watu kwa miaka saba.

Kwanza kabisa mjue nani ananilipa. Ni mwajiri. Mara nyingi ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka mzima wa mtu niliyempeleka, na nalipwa akishaanza kazi. Kuna na kipindi cha dhamana, kwangu ni miezi mitatu: mtu akiondoka au akifukuzwa kabla haijaisha, namtafuta mwingine bure. Kwa hiyo watu wanaponiambia "dada nitafutie kazi", wananipa kazi ambayo si yangu. Mimi natafutia kazi mtu, simtafutii mtu kazi. Hilo ndilo kosa la kwanza na mengine mengi yanazaliwa hapo: mtu ananieleza shida zake zote kama anaongea na mama mdogo, halafu anashangaa nimeyabeba hadi kwa mteja.

Sasa kwa mleta mada. Mshahara uliutaja simu ya pili. "Wamekupenda" umeambiwa simu ya tatu. Kama ungekuwa umevuka bajeti kwa kiasi hicho, nisingepoteza simu ya tatu. Ningekwambia palepale bajeti iko wapi, tukaona kama tunakutana. Mimi siamini ni mshahara peke yake. Kilichotokea kiko baada ya simu ya nne. Wadhamini wako uliwaambia watapigiwa?

#14 Kobe Mwendo

@Mchujaji labda alisikia 1.5 akaandika 1.5 bila kuandika mkononi, mteja akaja kushtuka baadaye. Inawezekana kabisa, hasa kama naye alikuwa anasikia konda.

#15 Mchujaji

Inawezekana. Sijasema haiwezekani.

#16 Kijana wa Mtongani

Sikuwaambia. Mmoja ni bosi wangu wa zamani, tuliachana vizuri. Wa pili ni msimamizi wangu wa sasa. Niliona yeye ndiye anayenifahamu vizuri zaidi.

#17 Bint Tanga

Mtani wangu! Umempa rikruta namba ya bosi wako wa sasa na hujamwambia bosi?

#18 Mama Shadya

Mwanangu, hapo hata mimi nisiyejua mambo ya ofisi nimeshika kifua. Hakuna aliyekuita ofisini kukuuliza?

#19 Kijana wa Mtongani

Hapana mama. Ila wiki iliyopita nimetolewa kwenye kuhesabu mzigo wa mwisho wa mwezi, akapewa mwingine. Sikuwa nimeunganisha hadi ulipouliza.

#20 Mchujaji

Naumia kusoma hivi. Sikiliza kaka. Mdhamini wa sehemu uliyopo anatolewa mwisho kabisa, ofa ikishaandikwa. Ukiombwa mapema unajibu: "Huyo nitakupa tukifika kwenye ofa, kwa sasa chukua hawa wa zamani." Hakuna rikruta mwenye akili atakayekukatalia. Na kila mdhamini anapigiwa na wewe kwanza. Unamwambia nafasi ni ipi na kampuni inafanya nini, unamkumbusha mlifanya nini pamoja. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "huyo ni yupi, yule mrefu?" Mteja alikuwa kwenye laini pamoja nami. Kijana alikuwa mzuri kweli na nafasi ilikwenda kwa mwingine.

#21 Mwanasheria wa Mtaa

Naongeza upande wangu. Simu ya pili aliuliza lini unaweza kuanza. Ulijibu nini?

#22 Kijana wa Mtongani

Nilisema hata wiki ijayo. Nilitaka aone niko tayari.

#23 Msukuma Halisi

Mbona uko kwenye mkataba? Wangeuliza utaondokaje. Notisi si siku 30?

#24 Mwanasheria wa Mtaa

28, si 30. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41: anayelipwa kwa mwezi notisi yake si chini ya siku 28, na kama bado yuko ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi mradi uwe sawa kwa pande zote mbili.

Kwa nini naleta hili? Mtu anayesema "naanza wiki ijayo" akiwa na kazi, mwajiri makini anamsoma hivi: huyu ataniacha na mimi bila notisi. Ulidhani unaonyesha moyo wa kazi, ukaonyesha mlango wa kutokea.

#25 Mpemba wa Darajani

Samahani, nirekebishe kidogo. Hiyo sheria ya 2004 ni ya bara. Huku Zanzibar tuna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na mfuko wetu ni ZSSF, si NSSF. Kila siku watu wa huku wananakili majibu ya humu kisha wanagombana na waajiri.

#26 Mwanasheria wa Mtaa

Sahihi kabisa sheikh. Nilizungumzia bara.

#27 Mkenya wa Kisauni

Huku kwetu pia ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, Employment Act ya 2007. Nilifikiri nyinyi mna lenu.

#28 Mama Shadya

Mimi nina la kijana wangu. Alimaliza chuo, akatuma maombi kila mahali. Simu namba ngeni hapokei. Nikimuuliza anasema "mama hao ni kausha damu, au wale wa tuma kwenye namba hii". Alikuwa amekopa laki moja kwenye simu na wanamsumbua. Siku moja simu imeita mara tatu akiwa anakula, ameilaza kifudifudi pale mezani. Jioni ukaja ujumbe: tulikutafuta kwa usaili wa kesho saa tatu, hukupatikana, tumeendelea na wengine. Alipiga ile namba hadi salio likaisha. Sijui wangapi wamekosa kazi kwa ajili ya namba ngeni.

#29 Mchujaji

@Mama Shadya wengi mno. Mimi sasa natuma ujumbe kwanza: jina langu, ninakotoka, nataka kukupigia saa ngapi. Lakini si wote wanafanya hivyo. Mtu akishatuma maombi, apokee simu zote za saa za kazi kwa mwezi huo. Kausha damu ukimpokea unakata, basi. Na kama uko kwenye daladala sema tu: "Niko barabarani, naomba nikupigie saa nane." Hiyo inakubalika kabisa. Namba ya mshahara haitajwi kwenye kelele.

#30 Fundi Chuma

Nirudi nyuma kidogo. Mleta mada, hicho kiwanda ulishajua ni kipi? Na ulishawahi kupeleka CV huko kwa njia nyingine?

#31 Kijana wa Mtongani

Rikruta hakutaja jina, ila kwa maelezo niligundua, ni pale eneo la viwanda Chang'ombe. Binamu yangu anafanya kazi humo. Baada ya simu ya tatu nilimpa CV akampelekea HR mkononi ili kuongeza nguvu.

#32 Fundi Chuma

Basi nimemaliza. Hilo ndilo lililokuua, si mshahara wala mdhamini. CV moja imefika meza moja kwa milango miwili. HR anajiuliza: huyu nimlipie ada ya wakala wakati ameletwa na mfanyakazi wangu? Wakala anasema ni wangu, nilimleta kwanza. Ili kuepuka mgogoro wanamwacha mtu mwenyewe. Mimi lilinikuta 2019, mawakala wawili waligombana juu yangu kwenye barua pepe nikiwa nimewekwa nakala. Nilisoma ugomvi mzima. Hakuna aliyenipigia tena.

#33 Bint Tanga

Kwa hiyo koneksheni imemponza. Hii mpya.

#34 Mchujaji

@Fundi Chuma uko sahihi kwamba inatokea, na mara nyingi. Dawa yake ni swali moja, unaliuliza kabla hujamruhusu mtu apeleke CV yako: "Unanipeleka kampuni gani?" Akikataa kutaja kabisa, mwambie asikupeleke popote kabla hajakutajia jina kwa maandishi. Halafu unaweka kidaftari: tarehe, wakala, kampuni, nafasi. Ukiona jina limejirudia unamwambia wa pili, "huko nimeshapelekwa". Wakala mzuri atakushukuru.

Na kumzunguka wakala ukaenda kwa mwajiri mwenyewe, hata kupitia binamu, kunaonekana. Sisi tunajuana na hao HR.

#35 Baba Ketty

Sasa tuna sababu nne: mshahara, mdhamini, notisi, milango miwili. Zote zinaweza kuwa kweli na zote zinaweza kuwa si zenyewe. Kuna na ya tano hamjaitaja, kwamba kiwanda kimesitisha nafasi. Mwisho wa mwaka bajeti zinafungwa. Nimekaa upande wa fedha miaka kumi, nimeona nafasi zinafutwa wakati mtu ameshafanya usaili wa pili. Na rikruta anaona aibu kurudi kusema.

#36 Kipepeo77

Au rikruta mwenyewe ameacha kazi. Hao nao wanahama.

#37 Bint Tanga

Tiki za bluu zinasema yupo hai na anasoma.

#38 Mzee wa Tandika

Nyie mnabishana ya kizungu, kuna sisi tunaoliwa kabisa. Mwanangu wa kiume aliitwa ofisi moja Kariakoo, ghorofani, ngazi nyembamba, mlangoni wamebandika karatasi tu. Fomu 20,000. Wiki iliyofuata vipimo vya afya 35,000. Kisha "sare na kitambulisho" 60,000. Kazi ya ulinzi mgodini, waliahidi. Alipopeleka ya tatu akakuta pamefungwa, jirani wa pembeni anauza pazia anasema wamehama usiku. Kuna vijana kama thelathini walikuwa wamesimama pale chini wameshika bahasha za kaki. Kosa lake lilikuwa nini hapo? Kutafuta kazi?

#39 Mwanasheria wa Mtaa

Pole mzee. Kosa si lake, huo ni utapeli na panafaa polisi. Ila kwa wanaosoma: Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa 1997, ibara ya 7, unasema wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwetu wakala anatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya huduma za kukuza ajira ya 1999 na kanuni zake za 2014. Kabla hujatoa hata shilingi, muombe cheti chake cha usajili, ulizie TaESA (huduma za ajira za serikali) au ofisi ya kazi ya mkoa.

#40 Kobe Mwendo

Si ibara hiyo hiyo inaruhusu nchi kuweka vighairi?

#41 Mwanasheria wa Mtaa

Ndiyo, kifungu kidogo cha pili: kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma, kwa maslahi ya wafanyakazi wenyewe na baada ya mashauriano. Ila "fomu" na "sare" za ghorofani Kariakoo hazimo humo.

#42 Mkenya wa Kisauni

Mombasa hili ni kila siku, hasa kazi za Uarabuni. Hapa kuna NEA, mamlaka ya ajira ya serikali, inayosajili mawakala, unaangalia jina kwenye orodha yao kabla ya kukabidhi pasipoti. Dada yangu alikabidhi kwanza, akaangalia baadaye. Pasipoti ilikaa miezi minne kwenye droo ya mtu. Kosa kubwa la mtafuta kazi ni hilo, kutoa kitu halisi. Cheti, kitambulisho, pasipoti, toa nakala. Halisi unaonyesha ukiwa umeishika.

#43 Msukuma Halisi

Nimerudi na yangu kama nilivyoahidi. Nilikuwa Mwanza, rikruta akanipatia ofa nzuri ya kampuni Dar, laki nne zaidi ya nilichokuwa napata. Nikaichukua ile barua nikampelekea bosi wangu. Bosi akapanda dau. Nikabaki. Yule rikruta alikuwa amenishughulikia wiki sita, alinilipia hadi basi la kwenda usaili. Nikamwandikia ujumbe wa mstari mmoja saa tano usiku: "nimeghairi." Hakujibu.

Baada ya miezi minane idara yetu ikafungwa. Nikamtafuta yeye kwanza. Alikuwa na adabu sana, akaniambia "nimekusikia kaka", na nikajua kwa sauti kwamba imeisha. Hakunikosea. Nilipaswa kumpigia, nimweleze, nimuombe radhi kwa mdomo wangu.

#44 Mchujaji

Asante kwa kuandika hili. Tunaumia kweli, si kwa ada tu. Tunakuwa tumekutetea mbele ya mteja.

#45 Bint Tanga

@Mchujaji sasa mbona nyie mnauchuna? Mleta mada siku 19. Yeye naye alimtetea nani? Amemnyima mtu hata "samahani haikuwezekana".

#46 Mchujaji

Hapo sina utetezi. Ni kosa letu na ni baya. Nafasi moja inakuja na CV mia mbili, mia tatu, watu kumi naongea nao, watatu nawapeleka. Kwa wale mia mbili sina muda. Lakini hao watatu nawadai jibu hata kama ni chungu, na siku nikishindwa kuwapigia silali vizuri. Rikruta aliyemwambia mtu "wamekupenda" hana ruhusa ya kunyamaza. Na neno lenyewe si la kusema hadi barua iko mkononi.

#47 Kipepeo77

Wamempenda ila mahari hawajaleta.

#48 Nuru ya Kigamboni

@Mchujaji hizo CV mia mbili unazichujaje? Mimi natuma sipati hata simu.

#49 Mchujaji

Natoa mfano wa jana. Nimefungua barua pepe, kichwa hakuna, ndani hakuna neno, kiambatisho kinaitwa "CamScanner 03-14". Kurasa 27. Ya kwanza cheti cha kuzaliwa, ya pili cheti cha darasa la saba, ikaja kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, barua ya mtendaji wa kijiji. CV iko ukurasa wa 19, imepigwa picha ikiwa kwenye goti, kidole kinaonekana. Nimesoma yote kwa sababu niliona huruma, na jamaa alikuwa fundi umeme wa miaka tisa! Wengine hawafiki ukurasa wa 19.

Tuma CV peke yake, kurasa mbili, imeandikwa kwa kompyuta ili mashine iweze kuyatafuta maneno. Ipe jina lako na kazi yako. Vyeti subiri uombwe. Kwenye barua pepe andika mistari minne tu: nani, nafasi gani, miaka mingapi, notisi yako.

#50 Mwanasheria wa Mtaa

Na hiyo NIDA mbele na nyuma msiwe mnaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya ajira. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila sheria haitakurudishia laini iliyosajiliwa na mtu mwingine kwa jina lako leo usiku.

#51 Fundi Chuma

Tukiwa hapo hapo, muulizeni rikruta mwajiri wako kwenye mkataba ni nani. Mwaka 2014 Wizara ya Kazi, waziri akiwa Gaudensia Kabaka, ilipiga marufuku mawakala kuwaajiri watu wenyewe na kuwakodisha kwa kampuni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokodishwa. Miaka mitatu nafanya kazi kwenye jengo lile lile na mwenzangu wa meza ya pili, yeye ana bima na mimi sina, mshahara wangu unapitia kwa mtu. Sikuwa nimeuliza siku ya kwanza, nilifurahia kuitwa tu.

#52 Msukuma Halisi

Hilo lipo hadi leo kwa majina mengine, linaitwa huduma.

#53 Fundi Chuma

Ndiyo maana nasema muulize.

#54 Kijana wa Mtongani

Wakuu, nimesoma yote, asanteni. Leo mchana nilifanya mambo mawili.

Nilimfuata msimamizi wangu, nikamwambia ukweli kwamba nilimtaja bila kumuuliza na namuomba radhi. Akasema hakuna mtu aliyempigia. Kule kwenye kuhesabu mzigo alinitoa kwa sababu niliomba ruhusa ya kliniki ya mtoto, nilishasahau. Akaongeza kwamba angepigiwa angenisifia, ila angekasirika.

Pili, nilimwandikia rikruta kama Mchujaji alivyosema, mistari minne, bila lawama. Nikaeleza kuwa ile 1.5 ilikuwa mkononi, niko tayari kuzungumza kwa ghafi, notisi yangu ni siku 28, na kwamba CV ilipelekwa pia na ndugu yangu, nisamehewe. Amejibu baada ya dakika kumi: "Asante kwa uwazi wako. Mteja amesitisha nafasi kwa sasa. Nitakutafuta."

#55 Baba Ketty

Nilisema. Bajeti.

#56 Fundi Chuma

@Baba Ketty "amesitisha" ndilo neno wanalotumia wakiwa na mgogoro wa ada. Mimi niliambiwa hivyo hivyo 2019.

#57 Mama Shadya

Cha muhimu amejibu, na bosi hana kinyongo. Mwanangu leo ulale.

#58 Kipepeo77

Sitaki kuharibu usiku wa mtu, ila hebu angalieni LinkedIn. Msimamizi wa stoo, kiwandani, Chang'ombe, uzoefu miaka mitano. Tangazo limewekwa leo saa nne asubuhi, na limewekwa na kiwanda chenyewe, si wakala.

#59 Kijana wa Mtongani

Nimeliona. Ni lenyewe, hata majukumu yale yale. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

@Mchujaji, naomba unisaidie hapa tu: natuma, au namuuliza rikruta kwanza?

#60 Mchujaji

Mpigie asubuhi saa tatu, mpigie, usiandike. Muulize kama bado anakuwakilisha pale. Akisema hapana, mwombe akuandikie hilo neno kwa WhatsApp, kisha utume siku hiyo hiyo, na kwenye barua useme wazi kuwa ulishapelekwa na wakala mwezi uliopita.

#61 Fundi Chuma

Mimi ningetuma usiku huu huu.

#62 Kijana wa Mtongani

Nimeweka kengele saa mbili na nusu. Sitakuwa kwenye daladala.